Mgeni na Fedha Yake

Katika nchi tajiri wako watu wengi wanaoweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya safari moja ya wiki mbili. Siku hizi baadhi yao, kabla ya kukata tikiti, hujiuliza kama nchi wanayotaka kuizuru yatawaliwa kwa haki, na kama fedha watakayoiacha huko haitanunua risasi za kupigia wenyeji. Wasioridhika hawaendi, nao huwaomba jamaa na rafiki zao wasiende. Wako wanaowacheka watu hao, wakisema mtalii ajishughulishe na jua na bahari, mambo ya serikali awaachie wenyewe.

Sisi hatumo katika wanaocheka. Mkutano wa London wa tarehe 26 Juni 1959, ulioanzisha harakati ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, ulihutubiwa na Julius Nyerere, akiwa bado kiongozi wa nchi isiyo huru, pamoja na Padre Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa Askofu wa Masasi. Neno walilowaambia Waingereza lilikuwa jepesi: msinunue matunda yao. Hawakuomba bunduki wala fedha. Aliyesikia neno lile hawezi leo kumwambia mtalii kwamba fedha haina dhambi.

Walakini kususia ni upanga ukatao kuwili, na sisi tulio upande wa wafanya kazi yatupasa kuutazama ukali wa pande zote mbili. Hoteli ikikosa wageni, mwenye hoteli aweza kuhamishia mtaji wake nchi nyingine. Mpishi, mfagiaji na dereva hawana mtaji wa kuhamisha. Kwa hiyo kila tunaposikia wito wa kutokwenda mahali, swali letu la kwanza ni kutaka kujua nani ametoa wito huo. Je, umetoka kwa wale wanaoteswa, ama umetoka kwa mtu aliye mbali ambaye hatakosa chakula chake jioni?

Afrika Kusini wito ulitoka kwa wenyewe. Mwaka ule ule wa 1959 chama cha ANC kiliwaomba watu wake waache kula viazi. Mashamba ya Bethal, katika Transvaal, yalilimwa na watu waliokamatwa kwa kosa la pasi na kupelekwa kwa makaburu, wakavaa magunia, wakapigwa, wengine wakafa. Viazi vilikuwa chakula cha maskini, wala si anasa. Hata hivyo maskini waliviacha kwa miezi mitatu hivi. Na tuangalie vema walivyochagua. Hawakusema watu wasile kitu chochote kilicholimwa na kaburu, maana wangekufa njaa katika wiki ya kwanza. Walichagua zao moja ambalo kila mtu alijua lilivyopatikana. Hapo ndipo tunapoona maana ya kususia kwa kuchagua, na haikuvumbuliwa na wataalamu wa Ulaya.

Albert Luthuli, aliyekuwa Rais wa ANC, hakuwadanganya watu kwamba jambo hilo halitaumiza. Alisema wazi kwamba Waafrika wataumia, na kwamba wako tayari kuumia iwapo maumivu hayo yatafupisha siku ya damu. Haki ya kutamka neno kama hilo ni ya aumiaye. Mtu mwingine akilitamka kwa niaba yake, tuna haki ya kumwuliza ametumwa na nani.

Nasi hapa tulilipa sehemu yetu. Vijana wa Rungwe na wa sehemu nyingine za kusini mwa Tanganyika walikuwa wakienda kwa wingi kuchimba dhahabu Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela. Mshahara wao ulilipa kodi, ukanunua mabati na ng'ombe. Mara baada ya uhuru Serikali iliufunga mlango huo. Waliopoteza mshahara si mawaziri. Mara nyingi katika kuhesabu mchango wa nchi yetu kwa ukombozi tunataja kambi na silaha, na ni nadra kumtaja yule kijana aliyerudi kulima bila mkataba.

Mfanya kazi wa nchi ya mbali naye aweza kulipa. Julai 1984, mjini Dublin, Mary Manning, kijana aliyekuwa akipokea fedha katika duka la Dunnes, alikataa kuuza mabalungi yaliyotoka Afrika Kusini. Alikuwa akifuata agizo la chama chake cha wafanya kazi. Alisimamishwa kazi, na wenzake wachache wakatoka pamoja naye. Walikaa nje ya mlango ule karibu miaka mitatu, kwa posho ya mgomo, mpaka mwaka 1987 Serikali ya Ireland ilipopiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini. Wafanya kazi wale wachache walisogeza serikali nzima.

Tumeanza na viazi na mabalungi kwa sababu matunda huonekana na kushikika. Fedha ya mtalii ni vigumu zaidi kuifuata njia yake. Makaburu walilijua hilo, ndiyo sababu wakajenga Sun City.

Mwaka 1977 waliitangaza Bophuthatswana kuwa nchi huru, vipande vipande vya ardhi vilivyotawanyika, na hakuna dola yoyote nje ya Afrika Kusini iliyoitambua. Mwishoni mwa mwaka 1979 Sun City ikafunguliwa humo. Kamari iliyokatazwa Johannesburg ilikuwa halali huko, mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Waimbaji mashuhuri wa Ulaya na Marekani waliitwa kwa malipo makubwa, wakaambiwa wasiwe na wasiwasi, maana hapa si Afrika Kusini. Mgeni aliyelipa chumba alikuwa, apende asipende, anatia saini kwamba Waafrika wamepewa nchi yao na hawana cha kudai tena. Mwaka 1985 wanamuziki walioongozwa na Steven Van Zandt walitoa sahani ya kuapa kwamba hawatapiga muziki mahali pale. Kwa maoni yetu hakuna hoteli iliyostahili kususiwa kuliko hiyo, kwa sababu uongo wa utawala ndio uliokuwa bidhaa iliyouzwa.

Hata hivyo wapigania uhuru wenyewe waliona baadaye kwamba wavu uliotupwa umenasa samaki wasiotakiwa. Kususia kila kitu kulimfungia mlango hata mwimbaji Mwafrika aliyetaka sauti ya watu wake isikike nje. Mwaka 1986 Paul Simon alitoa sahani ya Graceland, aliyoanza kuirekodi Johannesburg pamoja na wanamuziki wa huko, na ugomvi ukawa mkubwa. Wengine walimlaumu kwa kuvunja mwiko. Lakini Miriam Makeba, ambaye tangu mwaka 1963 alikwisha kuueleza Umoja wa Mataifa mateso ya nchi yake, na Hugh Masekela, wote wawili wakimbizi, walipanda jukwaani pamoja naye. Mei 1987 Oliver Tambo, akizungumza London, alieleza msimamo mpya: utawala wa kibaguzi na vyombo vyake viendelee kutengwa, lakini kazi za watu wanaoupinga zisifungiwe. Wako waliosema huo ni ulegevu. Sisi twauona kuwa ukomavu. Silaha isiyoweza kupambanua adui na rafiki hutumiwa na mtu aliyechoka kufikiri.

Sasa tuitazame Burma, nchi ambayo majenerali wake waliibadilisha jina mwaka 1989 wakaiita Myanmar, kwa sababu huko ndiko utalii wenyewe ulikosusiwa kwa miaka mingi, na mafunzo yake ni machungu.

Majenerali hao walishika madaraka mwaka 1988 baada ya kuwapiga risasi waandamanaji. Mwaka 1990 waliitisha uchaguzi, na chama cha Aung San Suu Kyi kikapata viti 392 katika 485. Walikataa kukikabidhi nchi. Badala yake waliutangaza mwaka 1996 kuwa Mwaka wa Kuizuru Myanmar, wakisema wanatazamia watalii nusu milioni. Ili mji wa Mandalay upendeze, watu walilazimishwa kuzoa matope katika handaki la maji linalozunguka ngome ya wafalme. Barabara na reli zilijengwa kwa kazi ya shuruti. Wakazi wa Bagan, waliokuwa wakiishi katikati ya mahekalu ya kale, walikuwa wamekwisha kuondolewa mwaka 1990, wakapelekwa mahali papya, ili mpiga picha asione kamba za kuanikia nguo.

Na fedha? Kwa miaka kadhaa mtalii aliyesafiri peke yake alipotua uwanja wa ndege alilazimika kubadilisha dola 200 au 300, kwa nyakati mbalimbali, apewe hati zilizochapwa na serikali. Jambo hilo lilifutwa mwaka 2003. Kwa hiyo hata yule aliyekusudia kulala kwa maskini na kula kwa mama ntilie alikuwa amekwisha kulipa kwa jenerali kabla hajatoka mlangoni. Suu Kyi na chama chake waliwaomba watalii wasije. Wito ulikuwa wa watu waliochaguliwa na wananchi, na mfuko uliolengwa ulijulikana. Tunaona waliouitikia walifanya vema. Watalii nusu milioni hawakuonekana.

Yaliyofuata si rahisi hivyo. Wavuta mikokoteni ya abiria, mafundi wa vyombo vya rangi wa Bagan na wenye nyumba ndogo za wageni walikuwa nao wakisema kwamba mgeni asipokuja wao hawali, na kwamba majenerali wana gesi na vito vya kuuza hata kama hakuna mtalii mmoja. Hoja hii ilikuwa na uzito. Mwaka 2010 Suu Kyi aliachiliwa kutoka kizuizini, na mwaka 2011 chama chake kikatoa tamko jipya: misafara mikubwa iliyopangwa na makampuni isije, bali mtu mmoja mmoja anayekuja kuwajua wananchi na kutumia fedha yake kwao anakaribishwa. Tena, kama Afrika Kusini, walihama kutoka kususia kila kitu wakaenda kwenye kuchagua. Tena waliohama ni wenyewe.

Ndipo ukaja mwaka 2017. Jeshi lilichoma vijiji vya Warohingya katika jimbo la Rakhine, na watu zaidi ya 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Wakati huo Suu Kyi alikuwa ndani ya serikali, na Desemba 2019 alikwenda mwenyewe The Hague kuitetea nchi yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa. Watu waliokuwa wamekataa kwenda Burma kwa ajili yake walibaki wameduwaa. Nani basi aulizwe kama twende au tusiende? Mrohingya aliye kambini Cox's Bazar naye ni mteswa, wala hakuwahi kuulizwa katika tamko la mwaka 1996 wala la 2011. Februari 2021 majenerali waliipindua hata serikali ile waliyokuwa wakishirikiana nayo, wakamtia Suu Kyi kifungoni.

Kosa, kwa maoni yetu, halikuwa katika kususia. Lilikuwa katika kuutundika msimamo wote juu ya mtu mmoja, kana kwamba akisema ndiyo haki imepatikana. Mshikamano wa wafanya kazi haukufanya hivyo. Shirika la Kazi la Kimataifa lilichunguza kazi ya shuruti nchini Burma, likatoa ripoti mwaka 1998, na mwaka 2000, kwa mara ya kwanza katika historia yake, likatumia kifungu cha 33 cha katiba yake kuzitaka nchi wanachama zipime upya uhusiano wao na utawala ule. Mwaka 2025 likakitumia tena dhidi ya majenerali wa nchi ile ile. Shirika lile halikuuliza nani anapendwa. Liliuliza nani analazimishwa kufanya kazi, na nani anamlazimisha.

Wako watakaotuambia: haya ni ya Asia na ya zamani, gazeti la Chama laingiaje humo? Laingia kwa sababu nasi tunaishi kwa wageni. Mwaka 2023 walikuja nchini watalii zaidi ya milioni 1.8. Maelfu ya nyumba katika Arusha, Moshi na Unguja zinakula kwa sababu ndege imetua. Kwa hiyo tukisifu mizani hii wanapopimwa wengine, yatupasa tukubali kupandishwa juu yake.

Upande mmoja wa mizani hiyo unatufaa. Wapagazi wa Kilimanjaro, waitwao wagumu, kwa miaka mingi walipandishwa mlima na mizigo kupita kiasi, wakiwa na viatu vya mitumba na mshahara uliocheleweshwa au kukatwa. Tangu mwaka 2003 uko mradi wa kuwasaidia ambao huyaorodhesha makampuni yanayowatendea haki, na wageni wengi huisoma orodha hiyo kabla ya kulipa. Kampuni isiyopima mzigo, isiyolisha watu wake, hukosa wageni hao. Huko ni kususia kwa kuchagua, kunakofanyika kila siku katika ardhi yetu, na hatujasikia mtu akikuita uadui kwa taifa. Mgumu hapotezi kazi kwa ajili yake; mwajiri mbaya ndiye anayepoteza, na mzigo ule ule hubebwa kwa mwajiri mwema. Twasema tu kwamba kazi hiyo ingefanywa na chama cha wafanya kazi chenye nguvu, wala isingengoja huruma ya msomaji wa Ulaya.

Upande wa pili ni mgumu zaidi, nasi hatutaupita kwa kuinamisha macho. Mwaka 1959, mwaka ule ule wa viazi na wa mkutano wa London, Wamasai waliondolewa Serengeti, wakaambiwa Ngorongoro itakuwa mahali pao pa kuishi pamoja na wanyama. Juni 2022, kule Loliondo, vigingi vilikitwa kutenga kilomita za mraba 1,500. Palitokea mapambano: askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, wengine wengi wakavuka mpaka kwenda Kenya. Mwaka huo huo watu wa Ngorongoro walianza kuhamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali imesema wanahama kwa hiari. Agosti 2024, baada ya tangazo la kufuta vijiji na kata zao, wakazi kwa maelfu walisimama barabarani, njia ya kuelekea Serengeti, na magari ya watalii yakasimama. Mahakama Kuu, Arusha, ikasitisha tangazo lile.

Wakazi wale hawakumpiga mtalii wala kumzomea. Walimwonyesha maandishi yao. Walitaka mtu aliyelipa kuona ardhi yao ajue kwamba ardhi hiyo ina watu. Twaona si haki kuwaita wasaliti wa utalii. Miguu yao juu ya barabara ilikuwa na maana ile ile ya viazi vilivyoachwa sokoni Johannesburg.

Kwamba nje hawatazami tu, tumekwisha kuona. Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha fedha za mradi wa REGROW, uliohusu Hifadhi ya Ruaha, kwa malalamiko ya wanavijiji, na kabla mwaka kwisha mradi ukafutwa. Hasara hiyo ya mamilioni ya dola haikumpata mgeni. Hatuwaombi watalii waiache nchi hii. Dereva wa Karatu na mpishi wa Nungwi hawajaomba hivyo, wala watu wa Ngorongoro, kwa kadiri ya madai waliyoyashika mkononi barabarani, hawakudai zaidi ya kuachwa waishi na kupiga kura kwao. Lakini mgeni akiuliza hoteli hii imejengwa juu ya ardhi ya nani, na mhudumu huyu analipwa nini, na kama ana mkataba na chama, ajibiwe kwa heshima na kwa ukweli. Afisa anayekasirika kwa swali hilo anatuharibia kazi zaidi kuliko muulizaji.

Desemba 2024 Rais alikutana na viongozi wa Wamasai mjini Arusha, akaahidi tume mbili, moja ya ardhi na moja ya uhamaji, nazo ziliundwa mwaka 2025. Twataka kila neno la tume hizo lisomwe hadharani Endulen, Nainokanoka na Msomera, kwa Kiswahili na kwa Kimasai, mbele ya wazee na wanawake na vijana, kabla halijatiwa katika kitabu chochote chenye picha ya simba juu ya jalada.